Kuitwa Mara Tatu

Askari yule aliletwa akiwa amefungwa mikono kwa waya, na bado alikuwa anauma. Watu watatu walimburuta juu ya majani ya chai yaliyomwagika sakafuni tangu shambulio la alfajiri, na kila walipolegeza mikono alipinda shingo akitafuta nyama ya mtu. Ubavuni alikuwa na jeraha la panga, refu, lililoachama kama mdomo. Damu ilikuwa inamtoka taratibu, lakini miguu yake iliendelea kupiga hatua hewani kana kwamba yuko kwenye gwaride.

"Mlazeni hapa," alisema Subilaga, akavisukuma kando vikombe vya meza ya waonjaji.

"Huyu si wa kutibiwa, Subi." Bupe alikuwa msimamizi wa wapogoaji, mwanamke mpana wa mabega, na asubuhi hiyo alikuwa na damu mpaka kwenye viwiko. "Ameua watu wawili pale mlango wa tanuri akiwa na jeraha hilohilo. Niachie nimmalizie."

"Sijasema nitamtibu. Nataka kadi yake."

Hakuna aliyeuliza kadi gani. Kila mtu mle kiwandani alikuwa nayo, nyuma ya sikio la kulia, imeng'ang'ania mfupa kwa sumaku. Mngurumo, ile silaha ya vita vya baba zao, ulikuwa umeua masikio ya watu wote wa Nyanda za Juu, tena ukaingia mpaka kwenye damu, watoto wakazaliwa viziwi. Mafundi wa wakati ule walichomoa kadi za sauti kutoka kwenye kompyuta zilizokufa, wakazipunguza, wakazipunguza tena, mpaka zikaenea nyuma ya sikio. Bila kadi, dunia ilikuwa picha tu.

Subilaga aliibandua kadi ya yule askari. Papo hapo mwili ukalegea kama gunia lililotobolewa. Miguu ikatulia. Kijana akabaki anakodolea dari macho ya mtu aliyeamshwa mahali asipopajua.

Subilaga aliifuta damu kwa pindo la khanga, akaifungua kwa ncha ya kisu, akaisogeza chini ya lenzi. Hii ndiyo kazi aliyoifanya tangu ujana, na macho yake yalipita njia ileile ya siku zote. Maiki, inayopokea sauti kutoka hewani. Kigeuzi cha kwanza, kinachoikata sauti vipande na kuvifanya namba. Kapasita, zinazotunza umeme usirukeruke. Kristali ya saa, inayotetemeka ili wengine wote waende kwa pamoja. Kigeuzi cha pili, kinachozirudisha namba ziwe wimbi. Amplifaya, inayolipa wimbi nguvu ya kuingia kwenye mfupa. Na baada ya amplifaya, kabla ya mfupa, kikomo: kipande kidogo kama punje ya ulezi, kinachozuia sauti isizidi nguvu ambayo ubongo unaweza kuivumilia. Hakuna fundi aliyeruhusiwa kumvisha mtu kadi isiyo na kikomo. Waliapa kwa hilo mbele ya kanisa.

Kikomo hakikuwepo. Pale kilipokaa palikuwa na daraja la lehemu, linang'aa, na mwisho wa daraja kulikuwa na mkia mwembamba uliopinda kushoto kama wa kiluwiluwi.

Subilaga aliutazama mkia ule mpaka lenzi ikaingia ukungu wa pumzi yake.

"Umeona nini?" aliuliza Bupe.

"Mkono wa Asajile."

"Mdogo wako?"

"Miaka yote nilimkaripia kwa mkia huu. Anaondoa chuma kabla lehemu haijatulia."

Bupe alitema mate pembeni. Walijua kwamba Asajile ndiye aliyekuwa anaongoza jeshi la Baraza tawala lililowazingira. Hawakujua kwamba yeye ndiye aliyelitengeneza.

"Ngoja nisikie wanamwagiwa nini humu ndani," alisema Subilaga. Akafunga waya wake wa kusikilizia kwenye kadi, kisha akairudisha nyuma ya sikio la kijana.

Kadi ikibanduliwa na kubandikwa tena huanza upya, na inapoanza upya, kitu cha kwanza inachotoa ni sauti ya kwanza. Hiyo ndiyo desturi ya Nyanda za Juu. Siku mtoto anapovishwa kadi, mama yake humwita jina mara tatu, na fundi huifungia sauti hiyo humo ndani isifutike kamwe, kwa sababu vigeuzi hujipima kwayo kila vinapoamka. Mtoto akiitika kwa mara ya kwanza, watu hupiga vigelegele. Mafundi huupima muda wa kuanza upya kwa Baba Yetu moja iliyosaliwa bila haraka. Ikifika amina, kadi imekaa sawa.

Subilaga alianza kusali kimoyomoyo. Kwenye waya alisikia sauti ya mwanamke asiyemjua, ya kijijini, yenye kicheko ndani yake: *Lugano. Lugano. Lugano.*

Uso wa kijana ukafunguka.

"Naam, mama," alisema. "Nipo."

Bupe alirudi nyuma hatua moja.

"Lugano," alisema Subilaga, "nani alikuleta huku?"

"Sijui, mama. Nilikuwa..." Alijaribu kuinua kichwa akaona ubavu wake. "Nimeumia?"

"Umeumia, mwanangu."

"Nani kaniumiza?"

Subilaga alikuwa amekaribia amina.

Ndipo Amri ikaingia. Kwenye waya ilikuja kama jiwe lililotupwa usoni: sauti ya mwanamume, tambarare, isiyo na hasira wala haraka, inayosema neno moja tu, mbele, mbele, mbele, kwa nguvu ambayo hakuna kikomo kingeiruhusu ipite. Subilaga aliutupa waya. Alikuwa amechelewa. Mikono iliyofungwa ilishapita juu ya kichwa chake, waya ukamkaa kooni, na Lugano, mwenye ubavu uliopasuka, akamvuta chini kwa nguvu za watu wanne. Meno yakamshika begani. Meza ikapinduka, vikombe vikavunjika, na kijana alikuwa analia, machozi yanamtiririka, huku anakaza.

Bupe alichukua roli ya chuma ya mashine ya kusagia majani, akampiga nayo kichwani. Mara ya kwanza hakuachia. Mara ya pili aliachia. Bupe akapiga tena na tena, mpaka Subilaga alipomshika mkono.

"Imetosha! Imetosha, dada, amekufa."

"Aliniita mama," Bupe alisema akihema.

"Aliniita mimi."

"Wote tumesikia," alisema Bupe, akaitupa roli.

*

Ofisi ya mnara ilikuwa ghorofani, juu ya vitanda virefu vya kunyaushia majani. Wakati wa amani kazi ya Subilaga ilikuwa humo. Alipanda ngazi akiwa ameshika koo, na kila hatua alikuwa na jambo moja tu kichwani: Amri ilikuwa inapanda mgongoni mwa saa yao wenyewe, ile inayozipa kadi zote mwendo.

Kadi Mama ilikuwa ndani ya sanduku la bati, karibu na dirisha. Mtu wa mbali angeiona takataka: kadi ya sauti ya kompyuta ya kale, ndefu kidogo kuliko kiganja, meno yake ya dhahabu yamezama kwenye mfereji wake. Kapasita zake zilisimama kama mitungi midogo. Kigeuzi chake kilikuwa cheusi, chenye miguu mingi. Kwa nyuma kulikuwa na matundu ya rangi. La bluu lilikuwa la kuingizia sauti ambayo mnara ungeipeleka kwenye kila sikio. Na katikati, ndani ya kikopo cha fedha kisichozidi kidonge, ilikuwepo kristali yake. Kadi zote za Nyanda za Juu ziliifuata kristali ile kama kwaya inavyoufuata mkono wa mwalimu. Hospitali ziliitana kwayo. Kengele za makanisa zilipita humo. Hakukuwa tena na mtu duniani anayejua kuitengeneza nyingine.

Baraza liliitaka ili Amri ifike mbali kuliko ilivyofika sasa. Kwa sasa iliwaongoza askari waliokuwa karibu na gari la Asajile. Kwa Kadi Mama, ingeingia kila nyumba.

Bupe aliingia nyuma yake, ameshika ncha ya waya. Alikuwa ameung'oa kwenye king'ora cha kiwanda, kile kilichokuwa kikiwaita wachumaji asubuhi.

"Hawana kikomo," alisema. "Umesema mwenyewe."

"Nimesema."

"Basi chomeka. Tundu la bluu. Sisi wenye kikomo tutasikia mlio tu, kama nyuki ndani ya ndoo. Wao wataangukia hapohapo walipo." Alimnyooshea waya. "Mungu amekuwekea mkononi, Subi. Unataka akuandikie na barua?"

"Mungu hakuwatoa vikomo. Alivitoa Asajile."

"Basi mshukuru Asajile!"

Chini, mlango mkubwa uligongwa na kitu kizito. Vumbi lilidondoka darini. Mtoto mchanga alianza kulia, akanyamazishwa. Walikuwa wamejificha humo wachumaji, wapogoaji, wanawake wenye watoto mgongoni, na majeruhi waliolazwa kwenye vitanda vya majani. Wanaume waliobaki wazima walikuwa wanasukuma mapipa kuziba mlango.

"Dada."

Sauti ilikuja ndani ya kadi yake, laini, ya karibu, kana kwamba yuko chumbani. Subilaga aliinua mkono Bupe anyamaze.

"Umeamkaje, dada?"

"Nimeamka salama, Asajile," alijibu, kwa sababu ndivyo walivyolelewa. "Watu wako wanaua watu wangu."

"Nipe Kadi Mama niwaondoe."

"Nimeiona lehemu yako. Bado unaacha mkia."

Asajile alicheka, kicheko kilekile cha mezani. "Ulinizaba kofi kwa ajili ya ule mkia."

"Kwa sababu unagusa njia ya jirani."

"Haujagusa. Umewaona wanavyopigana? Hawaogopi kitu. Unakumbuka mimi nilivyokuwa naogopa? Radi ikipiga najificha chini ya meza yako. Wenzangu sasa hawalijui hilo."

"Lugano alilia wakati ananinyonga."

"Simjui Lugano."

"Ulimlehemu wewe." Alimeza mate, koo likamuuma. "Na kadi yako, Asajile? Umetoa kikomo?"

"Siwezi kuwavisha watu nisichovaa mwenyewe."

Bupe, aliyekuwa anasoma jibu usoni mwa Subilaga, alifumba macho.

"Wazuie, mdogo wangu. Humu kuna watoto."

"Mimi?" Na kwa mara ya kwanza sauti ya Asajile ilikosa uhakika. "Amri ikishaanza haina breki, dada. Inanisema hata mimi. Toka. Pita mlango wa kuni, peke yako. Nitajaribu kugeuza uso upande mwingine." Kisha, kama mtu anayesukumwa kwa nyuma: "Toka, toka, mbele, dada, mbele..."

Ikakatika.

Subilaga alikaa kwenye kiti. Mama yao alikufa kwenye Mngurumo, na siku ya Asajile kuvishwa kadi hakukuwa na mwanamke wa kumwita. Subilaga alikuwa msichana wa miaka tisa. Fundi alimsimamisha juu ya kigoda akamwambia, mwite wewe. Naye akaita kwa nguvu zake zote, kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya mto, mpaka fundi akacheka. Mtoto aligeuza kichwa. Sauti ile ilikuwa bado imo kwenye kadi ya Asajile. Hata yeye mwenyewe asingeweza kuitoa.

"Mwanangu Ipyana walimkata kwenye mashina ya chai," Bupe alisema polepole. "Kadi yake ninayo hapa." Aligusa kifua, pale alipofunga fundo la kitambaa. "Sijathubutu kuibandika nisikie sauti yangu inamwita. Nawe unamwonea huruma aliyemtuma muuaji?"

"Namwonea huruma Lugano. Wako wengi kule nje."

"Lugano alikuwa anakuua!"

"Na alimwitikia mama yake kabla. Nikichomeka huo waya nawaua wote wawili, Bupe. Muuaji na yule anayeitika."

"Haya. Utufanyie nini sisi?"

Mlango uligongwa tena. Safari hii bawaba moja ilipiga kelele.

Subilaga alichukua chuma cha kulehemia, akakiwasha kwenye umeme wa jenereta.

"Kristali ikipata joto, saa yake inayumba," alisema haraka. "Kadi zote zitapoteza mwendo, na zote zitaanza upya kwa pamoja. Watu watashikwa na kizunguzungu, watapiga magoti. Kisha nitaivunja kristali, kila kadi itashika saa yake ndogo ya ndani, na Amri haitakuwa na mgongo wa kupanda. Hapo katikati tuna muda wa Baba Yetu moja."

"Kadi zote? Hata za Tukuyu? Hata za Mbeya?"

"Zote." Alijua anachosema. Mahali fulani kulikuwa na dereva kwenye kona ya mlima. Mahali fulani daktari alikuwa na kisu mkononi. Ule waya wa king'ora haungemgusa hata mmoja wao.

"Kwa hiyo uko tayari kumwangusha mtu asiye na kosa, ili usimuue mwenye kosa."

Subilaga alipiga magoti pembeni ya sanduku, huku chuma kinaanza kunuka moto. Bwana, alisema moyoni, siombi njia safi, maana sijaiona. Naomba mkono huu usitetemeke.

Aliposimama, alizungumza kama fundi. "Watu wetu wabandue kadi, wote, waweke kwenye kapu. Hawatashikwa na kizunguzungu. Mlango ukianguka, mtoke mkachukue bunduki mikononi mwao. Bunduki tu. Apa."

Bupe aliutazama waya mkononi mwake.

"Bunduki tu," alisema. "Naapa kwa Mungu aliye hai."

Aliudondosha waya wa king'ora, akashuka.

*

Kadi zilidondoka moja moja ndani ya kapu la kuchumia chai, na kiwanda kizima kikaingia katika ukimya. Ya Subilaga ilikuwa ya mwisho. Aliibandua mwenyewe, akaiweka dirishani. Tangu hapo hakusikia tena mlango ukigongwa. Aliuona tu: mapipa yalivyosogea, bawaba zilivyonyooka, na mbao zilivyofunguka kwa ndani kama mbavu.

Nje, ukungu ulikuwa unainuka juu ya mashamba. Jeshi la Baraza lilijaa uani bega kwa bega, hatua moja kwa wote, midomo yao inacheza neno moja. Nyuma yao, juu ya gari lenye mlingoti, alisimama Asajile. Alikuwa amekonda. Midomo yake nayo ilikuwa inacheza.

Mzee mmoja alisimama mlangoni na koleo la makaa. Walimpita bila kumtazama, na walipokwisha kupita hakuwa mtu tena.

Subilaga alikiweka chuma juu ya kikopo cha fedha.

Mkono haukutetemeka. Rangi ya kikopo ikageuka, kwanza njano, kisha buluu. Aliinua macho. Mstari wa mbele ulijikwaa. Mtu mmoja aligusa sikio, mwingine akaushika ukuta, kisha uwanja wote ukashuka chini, kama majani yanavyolala upepo ukipita. Bunduki zilianguka. Wanaume wakubwa walikaa kwenye matope miguu imewanyooka mbele, kama watoto.

Kisha midomo yao ikaacha lile neno. Ilitulia. Ikafunguka tena, na watu wa Nyanda za Juu, ambao wote husoma midomo kabla ya kusoma vitabu, hawakuhitaji kadi kujua inasema nini. Uwanja mzima ulikuwa unaitika.

*Naam, mama. Naam. Nipo.*

Wapogoaji walitoka mbio. Subilaga aliwaona wakiokota bunduki, wakizitupa nyuma yao, wakiokota nyingine, akamshukuru Mungu kwa sauti ambayo hakuisikia. Lakini kikopo kingepoa, saa ingerudi, na Amri nayo. Alishika koleo, akakibana kikopo, akakaza kwa mikono miwili mpaka fedha ikapasuka na lile jiwe jembamba la ndani likageuka unga. Ile sauti iliyokuwa imewaunganisha watu wote tangu utoto wake aliimaliza kwa mikono yake. Kazi hiyo ilimchukua nusu ya sala.

Alipotazama tena nje, kisu cha kupogolea kilikuwa kimeshainuka.

Hakujua nani alianza. Labda askari aliyepapasa kifua akitafuta usawa alionekana anatafuta silaha. Labda mtu alimtambua aliyemuua ndugu yake. Kisu kilishuka, damu ikaruka, na wa jirani akaona, naye akainua chake. Walikata kama walivyozoea kupogoa chai, kwa usawa, mstari kwa mstari, bila kuinua macho. Waliokatwa hawakujikinga. Walikuwa wanamwangalia mtu asiyekuwepo, na wengine walitabasamu mpaka kisu kilipofika.

"Acheni!" Subilaga alipiga kelele dirishani. "Acheni! Wanaitika!"

Hakuna aliyegeuka. Kadi zao zote zilikuwa kwenye kapu, pale alipowaagiza waziweke.

Alishuka ngazi akianguka na kuinuka. Uani alimkumba mtu wa kwanza kwa bega, akamshika wa pili mkono, wa tatu akamsukuma kwa kiwiko mdomoni bila hata kumtambua. Aliteleza kwenye damu. Alitambaa. Alimwona Asajile, ameshuka garini, amepiga magoti kando ya tairi, mkono umeshika sikio. Uso wake ulikuwa ule wa chini ya meza, siku ya radi, alipotolewa.

Na mbele yake alikuwa amesimama Bupe.

Subilaga alimfikia Bupe kwa nyuma, akaushika mkono wenye panga. Bupe aligeuka kwa nguvu zote, panga likampasua Subilaga kuanzia kiwiko hadi kiganjani. Waliangaliana. Bupe alimtambua, na hakuna kilichobadilika usoni mwake. Alimsukuma chini.

Asajile aliinua macho kwa dada yake aliyelala matopeni. Midomo yake ikasema, taratibu, kama mtoto anayejifunza:

*Naam, dada.*

Panga likashuka kati ya shingo na bega.

Subilaga hakukumbuka kuinuka. Alikumbuka vidole vyake kwenye nywele za mdogo wake, kadi ikibanduka, yenye joto, inateleza damu. Bupe alikuwa anainua panga mara ya pili. Subilaga alimrukia kifuani, wote wakaanguka kwenye tairi, na kwa mkono wake uliobaki mzima akaikandamiza ile kadi nyuma ya sikio la Bupe mpaka sumaku ikashika.

Bupe alimpiga ngumi ya tumbo. Akaivuta ngumi kumpiga tena.

Ikabaki hewani.

Subilaga hakusikia kitu, lakini alijua. Aliiona sauti ikiingia usoni mwa Bupe. Ya kwanza. Alisubiri. Ya pili. Sauti ya msichana juu ya kigoda, anayeita kama mtu yuko ng'ambo ya mto. Ya tatu. Bupe alimtazama Subilaga, akautazama mdomo wake, kisha akamtazama yule aliyelala kwenye matope, na mkono wake wa kushoto ukapanda wenyewe mpaka kwenye fundo la kifuani, ukalishika.

"Ni wewe," midomo yake ilisema. "Ni mtoto."

Aliliachia panga. Alisimama, na kwa mikono mitupu akaingia katikati ya watu wake. Alimshika mmoja shingo akamtupa. Alimpiga mwingine kofi, akamgeuza uso kwa nguvu amwone aliyekuwa anamkata, amsome midomo. Mmoja mmoja visu vilianza kushuka. Kwingine havikushuka. Sala ilikuwa imeshafika amina, na askari waliobaki hai walikuwa wanaamka bila Amri kichwani, wanatazama mikono yao na damu iliyowazunguka, wanatazamana. Wawili walikimbilia mashambani. Wengine waliweka mikono kichwani, wakalia kwa midomo iliyo wazi.

Subilaga alijiburuta mpaka kwa mdogo wake. Alimweka kichwa mapajani, akaziba jeraha kwa kiganja chake kilichopasuka, damu ya mmoja ikachanganyika na ya mwingine mpaka hakujua ipi ni ya nani. Macho ya Asajile yalikuwa wazi. Hakuwa na kadi. Hata kama alikuwa bado yupo, asingesikia. Wala yeye asingejisikia.

Akamwita hata hivyo. Aliita kwa nguvu zake zote, kama alivyoita juu ya kigoda.

"Asajile."

"Asajile."

"Asajile."

Kisha akainama karibu kabisa, akayakaza macho kwenye midomo yake, akangoja. Alingoja kwa kipimo anachokijua fundi yeyote, Baba Yetu moja bila haraka. Alipofika mwisho hakusema amina. Alianza tena mwanzo.